Mwaka mmoja na indeksi za PostgreSQL kwenye dirisha la Malaba

Dirisha la yadi yetu ya makontena linatazama barabara ya malori, Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi madereva wanapanga foleni. Wengi wametoka Mombasa, hawajalala vizuri siku mbili tatu, na swali lao ni moja: "Dada, niangalizie kontena langu, karatasi zimetoka?" Kazi yangu ni kutunza mfumo unaojibu swali hilo. Mwaka jana ulikuwa unachukua sekunde 38 kumjibu dereva mmoja. Nilizipima mwenyewe kwa simu, siku tatu tofauti. Aliyekaa ofisini kwenye kiti ataona sekunde 38 ni kitu kidogo. Aliye nje kwenye jua, wa ishirini kwenye foleni, anasubiri zaidi ya dakika kumi na mbili kabla hajafungua mdomo, na lori lake linaziba njia.

Sekunde hizo ziliondolewa na indeksi za PostgreSQL, yaani orodha za kutafutia ndani ya hifadhidata yetu, na hatukununua mashine mpya. Nimezitumia mwaka mzima sasa kwenye kazi ya kila siku, kwa hiyo naandika yale niliyoyaona, mazuri na yale yaliyoniumiza. Sikusomea kompyuta chuoni. Nilianza kama karani wa dirisha hilihili, hifadhidata nikajifunzia kazini.

Kwa asiyeijua, PostgreSQL ni programu huria ya hifadhidata. Mradi wake ulianza mwaka 1986 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina la sasa likaja mwaka 1996. Leseni hailipiwi hata shilingi. Ofisi yenye watu saba na yadi moja inalijali sana jambo hilo.

Seva yetu ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyowekwa kabatini, ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na diski ya zamani ya kuzunguka. Mzee, bosi wetu, alikuwa ameshaletewa bei ya seva mpya kutoka Kampala. Nilimwomba wiki moja kabla hajalipa.

Katika PostgreSQL yote, kitu nilichokipenda mapema kuliko indeksi zenyewe ni amri ya EXPLAIN. Unaandika EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mbele ya swali lako, nayo inakueleza ilipita njia gani, ilitumia muda gani kila hatua, na ilisoma kurasa ngapi. Nilipoiweka mbele ya swali la dirishani ikaniandikia Seq Scan kwenye jedwali la matukio. Maana yake ilisoma jedwali zima, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa ajili ya dereva mmoja. Jedwali hilo linaandika kila kinachotokea kwa kontena: limepakiwa, limepita mizani, limefika, ajenti ameleta karatasi, na kila mlio wa kifaa cha kufuatilia njiani. Lilikuwa na mistari milioni 41. PostgreSQL inahifadhi data kwenye kurasa za kilobaiti 8, na zetu zilikuwa zimefika laki tano, yaani kama gigabaiti 4. Diski yetu inasoma megabaiti 110 hivi kwa sekunde. Gawanya: unapata sekunde 37. Nilikaa nikaitazama hesabu hiyo kwenye karatasi, na nikajua kwamba diski ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Sisi ndio tuliokuwa tunaisomesha kitabu kizima kutafuta mstari mmoja.

Mzee aliyekuwa karani hapa kabla yangu alikuwa na vitabu viwili. Kitabu kikubwa cha geti kiliandikwa kwa mfuatano wa saa, lori likiingia anaandika, likitoka anaandika. Kingine kilikuwa daftari dogo la namba za kontena, zimepangwa kwa herufi, na mbele ya kila namba ukurasa wa kitabu kikubwa. Ukimuuliza kontena, anafungua daftari dogo kwanza. Hiyo ndiyo indeksi. Na ikumbukwe pia kwamba kila lori lilipoingia mzee yule aliandika mara mbili. Sehemu hiyo ya pili mimi niliisahau, nitaieleza mbele.

Indeksi ya kawaida ya PostgreSQL ni mti wa B, mpangilio uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanya kazi Boeing, wakauchapisha mwaka 1972. Juu kuna ukurasa mmoja unaokuelekeza wa chini yake, nao unakuelekeza wa chini zaidi. Kila ukurasa unabeba mamia ya viashiria, kwa hiyo hata mistari milioni 41 inafikiwa kwa ngazi nne tu. Nikaandika:

CREATE INDEX matukio_kontena_wakati ON matukio (kontena_id, wakati);

Nikarudia EXPLAIN. Kurasa nne za mti, na mmoja wa jedwali lenyewe. Jumla 5, kutoka laki tano. Swali la kwanza asubuhi, diski ikiwa bado baridi, lilichukua milisekunde 60. Yaliyofuata hayakufika hata milisekunde moja. Nilimwita kijana wa dirishani aje aone. Akabonyeza, jibu likatokea, akabonyeza tena akidhani ni jibu la zamani lililobaki kwenye skrini.

Kuna jambo ambalo kila anayetengeneza mfumo kwa PostgreSQL anapaswa kulijua kabla hajamkabidhi mteja. Waliotujengea mfumo, ambao sitawataja, walikuwa wamefunga uhusiano sahihi kabisa kati ya matukio na kontena, kwa ufunguo wa kigeni, yaani safuwima inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine. Sote tuliamini indeksi imekuja pamoja na uhusiano huo. Haiji. PostgreSQL inajitengenezea indeksi kwa ufunguo mkuu, ile safuwima inayotambulisha kila mstari, na kwa safuwima uliyoiambia isirudie thamani. Upande wa ufunguo wa kigeni unabaki mtupu mpaka wewe uweke. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, kwenye injini yake ya InnoDB, inaiweka yenyewe, na anayetoka huko anaweza kukaa miaka bila kujua kwamba haipo. Mwanzoni jedwali ni dogo, kila kitu ni cha haraka, hakuna anayelalamika. Linakua polepole kama deni la dukani.

Mpangilio wa safuwima ndani ya indeksi una uzito mkubwa. Jaribio langu la kwanza kabisa nilitanguliza wakati, kisha kontena, kwa sababu kitabu cha geti kilikuwa hivyo. Haikusaidia chochote. Dereva hakuulizi "saa nne kulikuwa na nini," anakuuliza kontena lake, na ndani ya kontena hilo anataka tukio la mwisho. Kwa hiyo kontena linatangulia, wakati unafuata, na PostgreSQL inashuka moja kwa moja hadi kwenye tukio la mwisho bila kupanga kitu. Toleo la 18, lililotoka mwaka 2025, limejifunza kuruka safuwima ya kwanza pale usipoitaja, lakini hilo linafaa ikiwa safuwima hiyo ina thamani chache. Wakati una thamani mamilioni. Panga vizuri tangu mwanzo.

Kisha nikaanza kukaa dirishani kusikiliza, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko kwenye mwongozo wowote. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ni ya kuhakikisha kwamba zile za mbele hazijakosewa. Ndani ya mfumo tulikuwa tumeweka indeksi ya namba nzima, kuanzia herufi ya kwanza. Lakini dereva hatamki namba nzima. Anasema, "Dada, angalia ile ya 4417." Wote wanataja mkia. Vijana wetu walikuwa wanaandika '%4417', yaani chochote kinachoishia na 4417, na mti wa B hauwezi kusaidia hapo, kama vile kamusi isivyoweza kukusaidia ukijua mwisho wa neno tu. Jedwali la kontena ni dogo, mistari laki sita, kwa hiyo ilikuwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde hiyo inavumilika ukiuliza mara moja, ila skrini yetu inatafuta upya kila unapoongeza tarakimu, na madirisha ni manne.

Dawa yake ilinifurahisha sana. Unaigeuza namba nyuma mbele ndani ya indeksi:

CREATE INDEX kontena_mkia ON kontena (reverse(namba) text_pattern_ops);

Swali nalo linageuzwa vilevile: WHERE reverse(namba) LIKE reverse('4417') || '%'. Sasa mkia umekuwa kichwa, na mti unaushika. Hilo neno text_pattern_ops usilikose. Bila hilo, hifadhidata ambayo mpangilio wake wa herufi (locale) si ule uitwao C haitaitumia indeksi kwa LIKE, yaani kutafuta kwa kipande cha neno, na utabaki unashangaa kama nilivyoshangaa jioni nzima.

Kanuni ileile inafanya kazi kwa namba za magari. Mmoja anaandika herufi ndogo, mwingine anaacha nafasi katikati, mwingine anaweka kistari. Nikaweka indeksi juu ya namba iliyokwishasafishwa, herufi kubwa bila nafasi wala kistari. Sharti ni moja: swali liandike usafishaji huohuo kama ulivyo kwenye indeksi. Ukiweka upper (herufi kubwa) kwenye indeksi halafu swali likaita lower (herufi ndogo), PostgreSQL inaona vitu viwili tofauti, na ni haki yake.

Tarehe zilinipa shida ya namna hiyo. Ripoti ya jioni ilikuwa inaandika date(wakati) = tarehe ya leo, na indeksi ya wakati ikawa imekaa tu kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Ukiifunika safuwima kwa fomula, indeksi ya safuwima tupu haionekani tena. Tulibadilisha swali liseme kuanzia saa sita usiku leo inapoanza, na kabla ya saa sita usiku kesho inapoanza. Ripoti ikaanza kutoka papo hapo. Hakuna kilichoongezwa kwenye hifadhidata, tulibadilisha maneno tu.

Indeksi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo mno. Bosi akipita asubuhi anauliza makontena yaliyoko yadini sasa hivi. Kati ya laki sita, yaliyomo ni kama mia tatu, mengine yote yalishatoka zamani. Indeksi ya safuwima nzima ingebeba laki sita ili kujibu kuhusu mia tatu. PostgreSQL inakuruhusu kuweka sharti ndani ya indeksi yenyewe, WHERE ametoka IS NULL, ikabeba yale tu ambayo hayajatoka. Kontena likitoka, halionekani humo tena. Inatosha kwenye kurasa chache na inajibu kabla bosi hajamaliza swali. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mtu kitu kimoja tu kuhusu programu hii baada ya EXPLAIN, ningemfundisha hicho.

Sasa yale yaliyoniumiza.

Baada ya ushindi wa kwanza nilijaza indeksi kila mahali. Jedwali la matukio lilifika indeksi kumi na moja. Kila safuwima iliyonipitia machoni niliiwekea. Wiki mbili baadaye vifaa vya kufuatilia vilianza kuchelewa: lori lilikuwa limeshafika Malaba, kwenye ramani bado liko Eldoret. Milio ilikuwa inapanga foleni kusubiri kuandikwa, kwa sababu kila mlio mmoja uliandikwa kwenye jedwali na kwenye miti kumi na moja. Hapo nikamkumbuka mzee wa vitabu viwili. Yeye angekuwa na madaftari kumi na moja angekuwa bado anaandika lori la jana. Na nafasi ya diski nayo: ile indeksi ya kontena na wakati peke yake ina gigabaiti 1 na robo.

PostgreSQL ilinisaidia kurekebisha. Ina jedwali la takwimu, pg_stat_user_indexes, lenye safuwima ya idx_scan, inayohesabu kila indeksi imetumika mara ngapi. Saba kati ya kumi na moja zilikuwa na sifuri. Nikazifuta sita. Ya saba nilikuwa nayo mkononi kuifuta, nikasita kwa sababu ilikuwa Mei, na mwaka wa hesabu zetu unafungwa tarehe 30 Juni. Nikaiacha. Juni ilipofika, mhasibu akatoa ripoti ya ushuru wa maegesho ya mwaka mzima kwa kupitia indeksi hiyohiyo. Sifuri ya miezi mitatu haikwambii kitu kuhusu kazi inayofanyika mara moja kwa mwaka. Angalia pia kwamba indeksi inayozuia thamani kujirudia inaweza kuonyesha sifuri na bado inalinda data yako kila dakika. Hiyo usiiguse.

Pili, CREATE INDEX ya kawaida inazuia uandishi kwenye jedwali mpaka imalize. Niliiendesha saa tano asubuhi, siku yenye malori mengi, na kwa dakika kadhaa hakuna tukio lililoandikwa. Geti likasimama. Utingo mmoja alikuja dirishani kuniuliza kama tumefunga. Tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY. Inachukua muda mrefu zaidi, inasoma jedwali mara mbili, lakini kazi haisimami. Nayo ina tahadhari yake. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati, betri ya seva haikuhimili, na asubuhi nilikuta indeksi ipo kwa jina lakini imeandikwa INVALID, yaani si halali. Haisaidii swali lolote, na bado inaweza kuongeza mzigo kila unapoandika. Ilibidi niifute, nianze upya. Siku hizi kila nikimaliza naliangalia jedwali kwa \d, amri inayoonyesha jedwali na indeksi zake, kabla sijaenda nyumbani.

Tatu, kuna siku PostgreSQL itaikataa indeksi yako na itakuwa sahihi. Nililalamika kwa nini inasoma jedwali zima nikiuliza makontena yaliyotoka, wakati indeksi ya hali ipo. Karibu yote yametoka. Kufuata kiashiria kimoja kimoja kwa mamia ya maelfu ni ghali kuliko kusoma kitabu moja kwa moja. Ila hakikisha takwimu zake si za zamani. Ukimimina data nyingi kwa mara moja, endesha ANALYZE, amri inayokusanya takwimu upya, kwani bila hivyo inaamua kwa kukisia kutoka hali ya jana.

Kwa ripoti za mwezi tunatumia aina nyingine, BRIN, iliyoingia toleo la 9.5. Hii haikumbuki kila mstari. Inakumbuka tu kwamba fungu hili la kurasa lina saa kuanzia hii hadi ile, na kwa jedwali letu lenye kurasa laki tano haikufika hata megabaiti moja. Inafaa kwa sababu matukio yanaingia kwa mfuatano wa wakati. Udhaifu wake tuliuona malori yalipopita sehemu zisizo na mtandao na kutuma milio ya saa nyingi kwa mkupuo. Milio ya zamani ikaingia kwenye fungu la leo, na fungu likawa pana. Bado inalipa, lakini dirishani nisingeitegemea.

Kati ya tano naipa nne na nusu. Nusu naikata kwa lile la ufunguo wa kigeni, na kwa kuwa mwongozo wake, ulio mzuri sana, vijana wangu wanausoma kwa shida kwa sababu ni wa Kiingereza. Tunausoma pamoja saa nane mchana foleni ikipungua, mimi nikieleza kwa Kiswahili. Yeyote mwenye mfumo wa duka la jumla, SACCO, zahanati au yadi kama yetu, na unachelewa, aijaribu EXPLAIN kabla ya kuita muuza seva. Seva ile ya Kampala haikununuliwa. Bosi alinunua betri nzuri na turubai la kivuli nje ya dirisha.

Kilichobaki ni majina. Dereva akipoteza karatasi anatafutwa kwa jina, na kwenye jedwali letu kuna Hussein, Husein, Huseni na Hussen, na huenda wote ni mtu mmoja. PostgreSQL ina nyongeza iitwayo pg_trgm inayokata jina vipande vya herufi tatu tatu na kupima yanavyofanana, ikiwa na indeksi ya aina ya GIN. Naijaribu kwenye nakala ya hifadhidata, si kwenye ile ya kazi. Mpaka sasa inawapata Hussein wote wanne, ila inaniletea na majina mengine, na bado sijaamua kiwango cha kufanana kiwe wapi.